Shangazi, karata imesema "hapana". Je, nisirudi Tanga?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka 15. Tunaishi Leicester, Uingereza, kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini, mara nyingi zamu za usiku. Nina kibali cha kukaa bila kikomo. Uraia wa huku sijachukua, kwa kuwa sitaki kuupoteza wa nyumbani.

Dada yangu mkubwa yuko Ngamiani, hapo Tanga. Mwezi uliopita alinipigia akaniambia kuna fremu ya duka imeachwa wazi, iko barabarani kabisa. Yeye na mimi tumekuwa tukizungumzia duka la vitambaa na ushonaji tangu mama yetu yuko hai. Mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima mbele, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, anasema kuna mtu mwingine anaitaka. Dada akaniambia, "We niambie tu mdogo wangu, unarudi au hurudi?" Tangu siku hiyo nikitoka zamu nalala macho wazi.

Kazini nina mwenzangu Mtaliano mwenye karata za taroti, zile za kuagulia. Usiku mmoja wakati wa mapumziko akanishauri niulize swali la ndiyo au hapana, nichanganye, nichomoe moja. Nikauliza moyoni: je, nirudi nyumbani kabisa? Ikatoka ya mtu aliyefungwa mguu kwa kamba. Alikuwa kichwa juu, kama mtu anayecheza ngoma kwa mguu mmoja, nikajua imetoka wima. Kabla mwenzangu hajanieleza, kengele ya mgonjwa ikalia, akaondoka mbio. Niliipiga picha.

Nilipofika nyumbani nikatafuta kwenye simu. Ukurasa mmoja unasema karata hiyo ni "hapana". Wa pili unasema "labda". Wa tatu unasema "ndiyo, lakini usubiri". Nikamwandikia mama mmoja anayesoma karata mtandaoni, akaniambia kuna kizuizi, nitume pauni 25 achomoe karata nyingine ya kufafanua hii ya kwanza. Sijatuma bado.

Halafu Shangazi, mimi ni Muislamu. Najua ramli imekatazwa. Nilijiambia ni mchezo tu wa kupitisha usiku, lakini mchezo gani huu wa kuninyima usingizi? Nieleze hiyo karata inasema nini hasa, na mimi nifanye nini. Mwanangu naye mwakani ana mitihani.

Mwanao, Leicester

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa usingizi uliopotea, na ahsante kwa kutozituma zile pauni 25. Naanza na karata yenyewe, maana kuna jambo hukuambiwa.

Ifungue ile picha kwenye simu yako uitazame tena. Kama karata za mwenzako ni za aina iliyoenea zaidi, zile zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909, utaona namba XII kwenye ncha moja na jina la karata kwenye ncha ya pili. Izungushe mpaka namba iwe juu na jina lisomeke. Yule mtu atakuwa kichwa chini. Ndivyo alivyochorwa: mguu mmoja umefungwa, wa pili ameukunja, mikono iko mgongoni, kichwa kinaelekea ardhini. Anaitwa Mtu Aliyetundikwa. Wewe ulimwona kichwa juu ukadhani ametoka wima, kumbe kwa kanuni za wasomaji wa taroti hapo karata imetoka imepinduka. Wanaoanza hukosea sana hapa, kwa sababu katika karata nyingi nyingine watu wamesimama au wameketi kama kawaida. Kwa hiyo kurasa zote tatu ulizozisoma, kama zilieleza karata iliyotoka wima, zilieleza upande ambao hukuupata.

Tafadhali usikimbilie sasa kutafuta maana ya iliyopinduka. Nimekueleza hili ili uone jibu lako limesimama juu ya kitu gani. Karata ikiwa imelala kifudifudi, ukiifunua kwa kuigeuza kutoka kushoto kwenda kulia, inabaki na upande wake. Ukiishika ncha ya juu ukaileta chini, inapinduka. Uliigeuza vipi usiku ule, umechoka, katikati ya zamu? Hukumbuki, na hakuna mtu angekumbuka. Mambo ya kazi yako, shule ya mtoto na akiba yako yote yasiamuliwe na namna kiganja kilivyogeuka.

Umeniuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, kwa nini kurasa zile tatu hazikubaliani. Ni kwa sababu wanaotumia taroti kwa maswali ya ndiyo na hapana hawana kanuni moja. Wako wanaohesabu wima kuwa ndiyo na iliyopinduka kuwa hapana, basi. Hao hata picha hawaitazami, na wangeweza kurusha sarafu wakapata kitu kilekile. Wengine hugawa karata zote 78. Jua, Nyota na Dunia huziweka upande wa ndiyo, Mnara na Kumi ya Mapanga upande wa hapana. Zipo chache ambazo haziingii vizuri upande wowote: Mwezi, Mbili ya Mapanga yenye mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, na hii yako. Mtu Aliyetundikwa amesimamishwa njiani, hapandi wala hashuki, ndiyo maana ukamkuta ni "hapana" kwa mmoja na "subiri" kwa mwingine.

Msomaji makini wa karata huweka kanuni yake kabla ya kuchomoa. Wewe ulichomoa kwanza, kisha ukaenda kutafuta kanuni, na mtandaoni kanuni ipo ya kila jibu. Angalia sasa ulichokifanya, mwanangu. Ulipewa "hapana", ukapewa "labda", ukapewa "ndiyo, lakini". Ulipokaa kuniandikia, kichwa cha barua yako kikawa "karata imesema hapana". Yale majibu mawili umeyaacha njiani. Hapo si karata iliyochagua.

Nataka nikueleze pia huyu mtu ni nani, maana nadhani amekugusa mahali. Karata hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kuagulia. Zilizaliwa kaskazini mwa Italia karne ya 15, na kumbukumbu za watawala wa Ferrara zinazitaja mwaka 1442. Zilikuwa za kuchezea: turufu 21, Mpumbavu mmoja asiye na nyumba, na karata 56 za nyumba nne. Nyumba hizo ni vikombe, sarafu, mapanga na fimbo, yaani kopa, uru, shupaza na pau za wachezaji wetu wa pwani. Kwa zaidi ya miaka 300 watu walizichezea kama nyingine zozote. Uaguzi kwa taroti ulienea Ufaransa miaka ya 1780, baada ya mwandishi Antoine Court de Gébelin kudai mwaka 1781 kwamba ni mabaki ya hekima ya makuhani wa Misri ya kale, dai ambalo hakuwa na ushahidi nalo, na mtu mwingine wa Paris aliyejiita Etteilla kuchapisha mafunzo ya kuzisomea bahati.

Katika miji ya Italia ya wakati ule, mtu akimsaliti bwana wake, au akikimbia na madeni ya watu, wakuu wa mji waliweza kuamuru achorwe ukutani hadharani, ananing'inia kwa mguu. Yeye mwenyewe huenda yuko mbali, hawamwezi, lakini aibu inabaki mjini na jamaa zake wanapita hapo kila siku. Jemadari Muzio Attendolo Sforza alichorwa hivyo Roma kwa amri ya Yohane XXIII, yule aliyedai upapa wakati Kanisa limegawanyika. Mwanawe Francesco akaja kuwa mtawala wa Milano mwaka 1450, na katika karata zilizochorwa kwa ajili ya ukoo wake, ambazo nyingi zipo mpaka leo, mtu wa kutundikwa yumo. Waitaliano wa zamani walimwita Msaliti.

Mwaka 1909 Pamela Colman Smith, akifuata maelekezo ya A. E. Waite, mwandishi wa elimu za siri, alimchora kwa namna nyingine kabisa. Mti una majani mabichi, uso umetulia, na kuzunguka kichwa kuna nuru. Waite alisisitiza kwamba mtu huyo hana mateso usoni. Kwa hiyo karata ileile imetoka kwenye fedheha ikaingia kwenye tafakuri, na waliobadilisha ni binadamu, kila mmoja na kusudi lake.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu barua yako, kila mstari, ina hofu ya usaliti. Ukibaki Leicester, unamwacha dada yako na ndoto mliyoianza mama akiwa hai. Ukirudi Tanga, unamvuruga mtoto. Hata uraia umekataa kuuchukua usije ukaonekana umewaacha wa nyumbani. Mtu mwenye mzigo wa namna hii, karata yoyote utakayompa ataisoma kwa mzigo huo. Hujamsaliti mtu, mwanangu. Uko mbali, unafanya kazi usiku kuwahudumia wagonjwa na kumlea mtoto.

Sasa swali. "Je, nirudi nyumbani kabisa?" Nani alilikata likawa la ndiyo au hapana? Si wewe, kwa sababu ninyi wawili mmezungumza duka hilo miaka mingi bila kulazimika kujibu hivyo. Ni mwenye fremu. Yeye anataka kodi kabla ya mwisho wa mwezi, dada akalichukua sharti lake akaligeuza kuwa "unarudi au hurudi", wewe ukalipeleka kwenye karata. Hivi sasa tarehe ya mwenye nyumba wa Ngamiani ndiyo inayopanga maisha yako yote. Na hilo neno "kabisa" umeliongeza mwenyewe, dada hakulisema.

Ndani ya swali hilo moja mmejaa maswali yasiyohusiana. Kukodi fremu ni jambo moja. Kuacha kazi ni jingine. Kibali chako ni la tatu, na hapa kuna kitu unatakiwa ukijue kabla ya kulala leo. Kwa sheria ya Uingereza, kibali cha kukaa bila kikomo kama chako kwa kawaida hukoma ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka miwili mfululizo. Maana yake kwenda Tanga kwa miezi kadhaa kuanzisha duka hakukufungii mlango wa Leicester, lakini kwenda na kukaa bila hesabu kutakufungia. Usilichukue hili kwa neno langu pekee. Nenda ofisi ya Citizens Advice iliyo karibu nawe, hawatozi kitu, waombe wakuelekeze kwa mshauri wa uhamiaji mwenye leseni. Saa moja na mtu huyo itakupa jibu ambalo karata 78 hazina.

Na mwanao. Mwanangu, barua yako ina dada, ina mwenye fremu, ina mwenzako wa kazini, ina mama wa mtandaoni. Kijana umemtaja mwanzoni kwa umri wake, kisha ukamrudia mwishoni kabisa, tena baada ya kunishukia na maswali yote. Mitihani yake ya GCSE, ile ya sekondari ya huko Uingereza, itaanza Mei mwakani na kuendelea Juni. Ukimtoa kabla ya hapo, anaondoka mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo ya shule. Ukingoja amalize, anaondoka na cheti, na ana umri wa kusema anataka kusoma wapi. Mimi nina msimamo hapa na sitauficha: asihamishwe kabla ya Juni ya mwakani, hata fremu hiyo ingekuwa inatolewa bure. Lakini hata hili langu lisitangulie maneno yake. Mketishe umwambie ukweli wote, pamoja na woga wako. Vijana wa miaka 15 hujua kwamba mama halali. Asichokijua ni sababu, na asipoambiwa atabuni sababu yake mwenyewe.

Kuhusu dini nitasema machache, mimi si mwanachuoni. Ni kama umeuliza ikiwa taroti ni tofauti na ramli. Wanazuoni wengi huviweka fungu moja, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kutafuta habari za ghaibu, si chombo kinachotumika, kiwe mchanga au karata. Muulize shehe unayemwamini. Ila dhamiri yako imeshakusuta bila kungoja fatwa, na mimi sioni sababu ya kukufundisha namna bora ya kuziuliza karata hizo. Kwa wasomaji wengine wanaozitumia, ambao najua mtaniandikia, nawaambia hivi tu: swali la "je" hupata jibu la kubahatisha, ulizeni "nini kinanifunga hapa?", angalau mtajisikia wenyewe mkijibu.

Wewe unayo istikhara, sala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri. Nayo, ukiitazama vizuri, haiombi ndiyo wala hapana. Rakaa mbili, kisha dua, na katika dua hiyo mja anasema: ikiwa jambo hili lina kheri nami katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wangu, nijaalie na unirahisishie, na ikiwa lina shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unipe kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Wengi wetu tumelelewa kungojea ndoto baada ya hapo, tukiamka bila kuota tunasema haikujibiwa. Dua haikuahidi ndoto. Unaomba, unashauriana na wenye ujuzi, unaanza kuchukua hatua, na unaangalia lipi linafunguka. Kwa hiyo mshauri wa uhamiaji, mazungumzo na kijana, simu kwa dada, hayo yote ni sehemu ya kazi hiyo.

Yule mama wa mtandaoni usimjibu tena. Wapo wasomaji wanaochomoa karata ya kufafanua bila nia mbaya. Lakini anayekuambia kwanza kuna kizuizi, kisha akataja bei ya kukiona, ameshaona kwamba una hofu, na hofu hiyo ndiyo anayoitoza. Mzuie kwenye simu.

Limebaki la dada. Mpigie baada ya kuzungumza na kijana, na usimpe "narudi" wala "sirudi". Mwambie mwaka huu wa masomo huhami, na kwamba duka bado unalitaka. Kisha muulize swali ambalo hakuna aliyemuuliza: yeye mwenyewe yuko tayari kulifungua na kulisimamia bila wewe kwa mwaka wa kwanza? Akisema yuko tayari, aende kwa mwenye fremu ajaribu miezi mitatu au sita badala ya mwaka mzima. Habari ya "kuna mtu mwingine anaitaka" husemwa katika kila fremu ya mji wowote, isimtie presha. Awaulize majirani wa pale kwa nini aliyekuwepo aliondoka. Mkataba uandikwe, uwe na majina yenu wote wawili, na fedha ipitie benki ibaki na kumbukumbu. Mwenye fremu akikataa miezi sita, mwacheni. Ngamiani ina fremu nyingi, na ninyi mtakuwa mmeshajua mnatafuta ya namna gani na kwa kodi ipi.

Niandikie mtakapokuwa mmezungumza, hasa kijana amesema nini.

Shangazi